Pointi za Mnyonge: Kuchagua Upande Katika Mechi ya Kwanza ya Futiboli ya Vyuo Marekani

Timu ya Chuo Kikuu cha Colorado imefungua misimu mitatu mfululizo kwa namna ambayo ingemchanganya yeyote anayedhani kubeti ni kujua nani atashinda. Septemba 2, 2023 walisafiri hadi Texas kucheza na chuo cha TCU wakiwa wanyonge wa pointi 20 na ushei, wakashinda 45 kwa 42. Agosti 29, 2024, nyumbani kwao Boulder, walitakiwa kuifunga North Dakota State kwa karibu pointi 10. Walishinda 31 kwa 26, na waliowabeti wakachana mikeka. Agosti 29, 2025 walikuwa wanyonge wa pointi 4 na ushei mbele ya Georgia Tech, wakafungwa 27 kwa 20. Kwenye kumbukumbu za chuo wameshinda mara mbili na kupoteza mara moja. Kwenye daftari la mtu aliyewabeti kila mwaka, wamempa faida mara moja na kumtia hasara mara mbili.

Hiyo ndiyo tabia ya handikapu. Kampuni ya kubashiri ikisema TCU wanatoa pointi 20 na nusu, aliyewachukua TCU anahitaji ushindi wa pointi 21 au zaidi, na aliyechukua Colorado analipwa hata timu yake ikifungwa, mradi isifungwe kwa zaidi ya 20. Ile nusu huwekwa makusudi. Namba ikiwa kamili, mechi inaweza kuiangukia sawasawa, na hapo kila mtu hurudishiwa dau lake na kampuni haipati kitu. Wabashiri wa soka wanaijua handikapu, lakini katika soka inabanwa na uchache wa mabao. Futiboli ya Kimarekani huzaa pointi 40, 50 hata 80 katika mechi moja, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha ya kutenganisha timu mbaya kidogo na timu mbaya kabisa.

Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo huu ni Charles McNeil, mwalimu wa zamani wa hesabu aliyeendesha shughuli za kamari Chicago katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo mtu alibeti mshindi tu, na mechi kati ya chuo kikubwa na chuo kidogo ilikuwa haiuziki: hakuna aliyetaka upande wa mdogo, na upande wa mkubwa ulilipa senti. Handikapu ikaifanya mechi ambayo mshindi wake anajulikana tangu Jumatatu iwe na ubishi hadi dakika ya mwisho. Kwa miongo mingi kubeti mechi kwa njia halali kulikuwa jambo la Nevada karibu peke yake. Mei 14, 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengine, na sasa zaidi ya majimbo 35 yameruhusu. Leo handikapu ya mechi inaonyeshwa kwenye televisheni kando ya majina ya timu, na mtu asiyebeti kabisa anaijua.

Kabla ya kuchagua upande, lazima mtu ajue bei. Utaratibu wa kawaida ni kuweka dola 110 ili upate faida ya dola 100. Anayechagua kwa kurusha sarafu mara 100 atashinda takribani 50: atavuna 5,000 na kupoteza 5,500. Akishinda 52 bado ana hasara ya dola 80. Akishinda 53, ndipo anapata faida ya dola 130. Mpaka kati ya hasara na faida uko kwenye asilimia 52.4 hivi. Uchambuzi wote, makocha, majeruhi, hali ya hewa, takwimu za msimu uliopita, unatafuta hizo asilimia mbili na ushei zilizo juu ya sarafu. Anayetangaza kwamba anashinda asilimia 70 kwa handikapu mwaka baada ya mwaka anauza kitu.

Namba zenyewe nazo si sawa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani, ni pointi 6, na teke la nyongeza baada yake ni 1. Mpira ukipigwa teke kutoka uwanjani ukapita kati ya nguzo, ni pointi 3. Kwa kuwa pointi huja kwa vipande hivyo, tofauti ya 3 na ya 7 hutokea mara nyingi kuliko namba jirani zake, na baada ya hizo zinafuata 10, 14, 17 na 21. Kumpata mnyonge kwa 7 na nusu badala ya 6 na nusu ni jambo kubwa. Kumpata kwa 12 na nusu badala ya 11 na nusu ni jambo dogo. Watu hutumia wiki nzima kubishana kuhusu timu, kisha wanakubali namba mbaya kwa sababu hawakutaka kufungua programu ya kampuni nyingine kwenye simu.

Mechi ya Colorado na Georgia Tech inaonyesha jinsi namba hizo zinavyofanya kazi mwishoni. Georgia Tech waliupoteza mpira katika mashambulizi yao matatu ya kwanza, na Colorado wakaambulia pointi 7 tu kutokana na zawadi zile tatu. Ikiwa imebaki dakika moja na ushei, ubao ukisoma 20 kwa 20, kwotabeki wao Haynes King, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, alikimbia na mpira yadi 45 hadi ndani. Beki mmoja angemwangusha kwenye yadi ya 20, Georgia Tech wangeichezea saa, wangepiga teke la pointi 3, na mechi ingeisha 23 kwa 20. Aliyechukua Colorado na pointi zake 4 na ushei angelipwa. Uchambuzi wa aliyelipwa na wa asiyelipwa ungekuwa uleule, neno kwa neno. Hii ndiyo sababu simhukumu mtu kwa mkeka mmoja.

Sasa kwa nini mechi ya kwanza iwe swali la pekee? Timu za kulipwa za NFL hucheza mechi za majaribio kila Agosti. Vyuo havina. Wachezaji hufanya mazoezi mwezi mzima, mara nyingi milango ikiwa imefungwa, na mwezi Aprili baadhi ya vyuo hugawa kikosi chao na kuwachezesha wenyewe kwa wenyewe mbele ya mashabiki. Basi. Siku ya kwanza ya msimu ndiyo siku ya kwanza ya mtu wa nje kuiona timu ikigongana na timu nyingine. Kampuni inapoweka namba, malighafi yake kubwa ni msimu uliopita, pamoja na orodha ya walioondoka na walioingia.

Zamani malighafi hiyo ilitosha. Mchezaji aliyehamia chuo kingine alilazimika kukaa nje mwaka mmoja, kwa hiyo kikosi cha mwaka huu kilikuwa cha mwaka jana bila waliohitimu. Oktoba 2018 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha mfumo wa kielektroniki wa uhamisho. Mwaka 2021 sharti la kukaa nje likaondolewa kwa anayehama mara ya kwanza, na Julai 1 mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Matokeo yake ni soko la wachezaji linalofumuka kila mwaka bila mikataba mirefu kama ile ya soka la Ulaya. Jina la timu na rangi ya jezi vinabaki. Waliomo ndani ni wengine.

Mechi ya Colorado na TCU ya 2023 ndiyo somo kamili. Colorado walikuwa wametoka kushinda mechi 1 na kupoteza 11. TCU walikuwa wametoka kucheza fainali ya taifa. Mtu akiweka vitu hivyo viwili kwenye mizani, pointi 20 zinaonekana za huruma. Lakini Deion Sanders, mchezaji mashuhuri wa zamani wa NFL, alikuwa amehamia Colorado kama kocha kutoka Jackson State ya Mississippi, akaondoa karibu kikosi chote na kuingiza wachezaji wapya zaidi ya 80. Miongoni mwao alikuwamo mwanawe Shedeur, kwotabeki, na Travis Hunter, kijana anayecheza ushambuliaji na ulinzi katika mechi ileile. Upande wa TCU, kwotabeki Max Duggan alikuwa ameondoka, mpokeaji wao bora Quentin Johnston ameondoka, na Garrett Riley aliyepanga mashambulizi yao amehamia Clemson. Hata fainali yenyewe walifungwa 65 kwa 7 na Georgia. Namba 20 ilipima umbali kati ya timu mbili ambazo hazikuwapo tena. Shedeur Sanders alirusha mipira iliyopokelewa kwa jumla ya yadi 510, rekodi ya chuo hicho, na kufikia jioni Marekani nzima ilikuwa inazungumzia Colorado.

Hapo ndipo penye mtego wa pili, na ni mkubwa kuliko wa kwanza. Wiki mbili baadaye Colorado walipewa zaidi ya pointi 20 za kutoa dhidi ya jirani zao Colorado State. Walihitaji vipindi viwili vya nyongeza kushinda 43 kwa 35. Wiki iliyofuata Oregon waliwafunga 42 kwa 6. Walimaliza msimu na ushindi 4 na vipigo 8. TCU nao walimaliza na ushindi 5 na vipigo 7, ikimaanisha kwamba ule ushindi wa kihistoria ulikuwa wa timu isiyofika katikati dhidi ya nyingine isiyofika katikati. Aliyebeti Colorado siku ya kwanza alikuwa sahihi kwa sababu namba ilibeba jina la mwaka jana. Aliyeendelea kuwabeti alianza kubeba jina la wiki iliyopita.

Florida State wamelitoa somo hilohilo kwa pande zote mbili. Msimu wa 2023 walikwenda bila kufungwa hadi mechi ya mwisho, ambapo wachezaji wao wengi muhimu hawakucheza na Georgia wakawapiga 63 kwa 3. Agosti 24, 2024 walifungua msimu mpya Dublin, Ireland, dhidi ya Georgia Tech, wakiwa nambari 10 kwenye orodha ya wanahabari na wakitoa pointi zaidi ya 10. Kikosi kilichopata sifa kilikuwa kimekwenda NFL, na kwotabeki alikuwa mgeni. Georgia Tech walishinda 24 kwa 21 kwa teke la mwisho la mechi, na Florida State wakamaliza mwaka na ushindi 2 na vipigo 10. Mwaka uliofuata, Agosti 30, 2025, wakiwa nyumbani Tallahassee na jina lililochafuka, walipewa pointi 13 na ushei dhidi ya Alabama. Wakashinda 31 kwa 17. Mwaka wa kwanza namba iliwaheshimu kwa mambo waliyoyafanya watu walioondoka. Mwaka wa pili iliwaadhibu kwa mambo yaliyofanywa na watu walioondoka.

Mtu anaweza kuniambia nimechagua mifano inayonipendeza, na atakuwa na haki. Kutokuwa na uhakika kunakwenda pande zote: timu usiyoijua inaweza kuwa bora kuliko unavyodhani, na inaweza kuwa mbaya zaidi. Agosti 31, 2024 mjini Atlanta, Georgia walikuwa wanatoa pointi nyingi dhidi ya Clemson, timu yenye jina na historia. Hadi mapumziko ubao ulisoma 6 kwa 0, na waliochukua pointi za Clemson walianza kupanga matumizi. Mechi iliisha 34 kwa 3. Kwa hiyo ukungu wa mechi ya kwanza peke yake hautoshi kuwa sababu ya kumchukua mnyonge. Ingekuwa hivyo, kampuni zingeshapunguza namba zote za Agosti na mambo yangeisha.

Sababu yangu ya kuegemea kwa mnyonge ni nyingine, na ina sehemu mbili. Ya kwanza ni wabashiri wenyewe. Watu wengi hupenda kubeti timu wanayoijua na timu inayoshinda. Imani iliyozoeleka ni kwamba kampuni hupanga namba ili fedha zigawanyike nusu kwa nusu, ili ivune kamisheni tu bila kujali matokeo. Mwaka 2004 mchumi Steven Levitt wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha utafiti kuhusu ubashiri wa mechi za NFL ulioonyesha picha tofauti: kampuni huwa tayari kubaki na fedha nyingi upande mmoja, kwa sababu inajua wabashiri hupenda vigogo na inawauzia vigogo hao kwa bei iliyopanda kidogo. Kama hilo linafanyika katika NFL, ambako kila mtu anaona majeruhi na mechi za majaribio, sioni kwa nini mwisho wa Agosti, mashabiki wa chuo wakiwa wamekaa miezi minane wakisubiri, bei ya jina kubwa ishuke.

Sehemu ya pili ni motisha uwanjani. Kocha wa timu inayoongoza kwa pointi 24 robo ya nne hana sababu ya kutafuta ya 31. Ana msimu mzima mbele yake, ana vijana wa benchi wanaohitaji kuchezeshwa, na anaogopa kumpoteza kwotabeki wake kwa goti. Yule anayefungwa hana cha kuogopa. Anarusha mpira hadi kipenga cha mwisho, na tachidauni moja ya dakika ya 58, isiyobadilisha mshindi, inabadilisha mikeka ya nchi nzima. Tangu 2023 kuna jambo la ziada: saa ya mechi za vyuo haisimami tena kila timu inapopata nafasi mpya za kushambulia, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila nusu. Saa inayotembea inapunguza idadi ya mashambulizi, na mashambulizi yakipungua, kigogo ana nafasi chache za kufikisha ushindi wa pointi 28 au 35.

Hili linanifikisha kwenye mechi za aina ya pekee, zile chuo kikubwa kinapomlipa mdogo aje afungwe. Ni biashara ya wazi: mkubwa anapata mechi ya nyumbani na mapato ya mlangoni, mdogo anaondoka na hundi ya kuendeshea idara yake ya michezo. Septemba 1, 2007 Appalachian State, kutoka daraja la chini, walikwenda Michigan, waliokuwa nambari 5 nchini, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Kampuni nyingi hazikuweka hata handikapu. Appalachian State walishinda 34 kwa 32, wakizuia teke la mwisho la Michigan. Septemba 2, 2017 Howard, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi kilichoko Washington, kilikwenda Las Vegas kucheza na UNLV kikiwa mnyonge wa pointi 45. Kilishinda 43 kwa 40, na hakuna matokeo mengine katika futiboli ya vyuo yaliyowahi kuvuka handikapu kubwa kiasi hicho.

Hadithi hizi ni tamu, nami naziona ni hatari kwa mfuko. Zinakumbukwa kwa sababu ni nadra. Kwa kila Howard kuna mechi chungu nzima zilizoisha 56 kwa 3 na ambazo hakuna anayezikumbuka. Kwenye namba za 35 na 45 huchambui tena timu. Unajaribu kukisia kocha atawatoa wachezaji wake wa kwanza saa ngapi, na kama vijana wa benchi wana hamu ya kujionyesha. Baadhi ya makocha hujulikana kwa huruma, wengine hawana. Anayeishi karibu na chuo husika anaweza kulijua hilo. Aliye mbali aachane nazo.

Orodha ya wanahabari nayo inastahili neno, kwa sababu inapotosha wengi. Hutolewa Agosti, kabla ya mechi yoyote, kwa kura. Agosti 30, 2025 Texas walikwenda Columbus kucheza na Ohio State, mabingwa watetezi. Texas walikuwa nambari 1, wakiongozwa na kwotabeki Arch Manning. Ohio State walikuwa chini yao kwenye orodha, lakini kampuni ziliwapa Ohio State nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Wengi walidhani wamepewa pointi za bure: nambari moja wa nchi ni mnyonge! Ohio State walishinda 14 kwa 7. Orodha ni maoni ambayo hayamgharimu aliyeyatoa. Handikapu ni maoni yaliyowekewa fedha. Vikigongana, mimi huamini fedha, na ninaanza kujiuliza ni nani anayejua nisichokijua.

Suala la wakati wa kubeti halizungumzwi vya kutosha. Namba za mechi kubwa za ufunguzi hutoka mapema, miezi kadhaa kabla ya msimu, na mwanzoni kampuni hupokea madau madogo tu. Wabashiri wa kazi hujitokeza hapo. Wanachukua namba iliyokosewa, kampuni inajifunza kutoka kwao na kuisogeza, kisha madau makubwa yanaruhusiwa. Kufikia Jumamosi asubuhi, mtu wa kawaida anapofungua simu yake, namba imeshanolewa na watu wenye kompyuta na muda. Kwa hiyo kipimo kizuri cha mbashiri ni kama aliipata namba bora kuliko ile iliyokuwapo mechi ilipoanza. Aliyechukua mnyonge kwa 13 na nusu, mechi ikaanza kwa 10 na nusu, alifanya kazi nzuri hata mkeka ukichanika.

Habari za majeruhi ni sehemu ambako mtu wa karibu na timu bado ana faida. NFL hulazimisha timu kutangaza hali ya wachezaji wiki nzima. Vyuo kwa miaka mingi havikulazimishwa. Ligi ya SEC ilianza kutoa ripoti za nani yupo na nani hayupo msimu wa 2024, lakini kwa mechi za ndani ya ligi, na mechi ya kwanza kwa kawaida ni dhidi ya chuo cha ligi nyingine. Kwotabeki mwenye bega bovu anaweza kujulikana na mji mzima wa wanafunzi huku namba ikiwa bado haijasogea. Namba ikisogea pointi 3 usiku bila habari yoyote iliyotangazwa, kuna mtu amesikia kitu.

Kwa anayebashiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi, kuna mambo mawili ya kuongeza. Mechi inayoanza saa sita mchana kwa saa za mashariki ya Marekani ni saa moja jioni kwetu, lakini mechi kubwa za usiku huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, na maamuzi ya kubeti usingizini ni maamuzi mabaya. La pili ni mazoea ya mkeka mrefu. Mtu anajaza timu tisa za soka la Ulaya kisha anaongeza Alabama ili malipo yanone. Machaguo kumi ya handikapu, kila moja likiwa na nafasi ya nusu kwa nusu, hupita yote mara 1 katika 1,024, na kampuni hailipi mara 1,024. Mikeka ya namna hiyo ndiyo inayopendwa zaidi na kampuni, huko Marekani na huku kwetu, na matangazo yao yanalionyesha hilo bila kificho. Ukibeti kwa handikapu, beti mechi moja kwa dau moja.

Wanaocheza mechi hizi ni vijana, wengi wa miaka 18 hadi 22, na bado wako darasani. Mwaka 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, aliyataka majimbo yapige marufuku madau yanayohusu mchezaji mmojammoja wa chuo, kwa sababu ya matusi na vitisho wanavyopokea kutoka kwa watu waliochana mikeka, na kwa hofu ya mchezaji kushawishiwa. Namuunga mkono. Handikapu ya timu nzima inatosha kwa anayetaka kubashiri, na mpira ulioponyoka mikononi mwa mtoto wa mtu haupaswi kumfuata hadi kwenye simu yake.

Msimamo wangu ni huu. Katika mechi ya kwanza nachukua pointi za mnyonge pale kigogo anapobeba sifa za kikosi kilichoondoka, hasa akiwa na kwotabeki mgeni au mpanga mashambulizi mpya, na pale mnyonge anapopewa kati ya 7 na nusu na 21. Namchukua kigogo pale tu anaporudi na kwotabeki na kocha walewale, na namba ikiwa chini ya 7. Namba zinazovuka 28 sizigusi, hata Howard arudi Las Vegas kesho. Na mechi niliyoitaka kwa 7 na nusu, nikiikuta inasoma 6 na nusu, naiacha ipite na kuitazama bila mkeka.